Mkono Uliozoea Pedi Wapewa Fimbo

Askari aliyebeba bunduki ya aina moja kwa miaka mingi huijua kama aijuavyo njia ya kwenda nyumbani kwake. Usiku wa giza, mvua ikinyesha, mkono wake hukipata kifungio cha usalama bila jicho kuuongoza. Siku akikabidhiwa bunduki ya aina nyingine, hata iwapo ni bora kuliko ile ya kwanza, hana budi kurudi uwanja wa shabaha pamoja na makuruti. Alama aliyokuwa akiipiga katikati sasa huipiga pembeni, na kifungio akitafutacho kushoto kipo kulia. Si kwamba ameisahau kazi yake. Kichwa kinajua, ila mkono bado haujaambiwa.

Jambo la namna hiyo huwapata pia, katika uwanja usio na damu wala baruti, vijana na watu wazima wanaopenda michezo ya video ya kupigana. Hao nao wana silaha zao. Wengi hujifunza kwa pedi, kile kifaa kidogo kishikwacho kwa mikono miwili ambacho huuzwa pamoja na mashine ya michezo ya nyumbani. Halafu, baada ya miaka mitano au kumi ya kuzoea, baadhi yao huamua kuiweka pedi kando na kununua sanduku la fimbo: sanduku pana lenye fimbo fupi upande wa kushoto na vitufe vikubwa vya mviringo upande wa kulia. Kwa mtu asiyecheza, badiliko hilo laonekana dogo, sawa na kubadili kalamu. Kwa mchezaji ni safari ya kurudi darasa la kwanza, tena mbele ya wenzake.

FIMBO ILIKOTOKA

Fimbo yenyewe haikuzaliwa katika michezo. Marubani wa mwanzo wa karne ya 20 ndio walioizoea kwanza: waliielekeza ndege kwa fimbo iliyosimama kati ya magoti yao, wakiivuta nyuma kupanda na kuisukuma mbele kushuka. Mashine za michezo za kutumbukiza sarafu zilipoenea ulimwenguni katika miaka ya 1970, watengenezaji waliona kwamba mkono wa binadamu huielewa fimbo upesi. Huhitaji kumfundisha mtu kwamba kusukuma kulia ni kwenda kulia.

Nchini Japani kumbi za mashine hizo zilistawi sana baada ya mwaka 1978, kampuni ya Taito ilipotoa mchezo wa Space Invaders. Mwaka 1987 kampuni ya Capcom ikatoa Street Fighter, na mwaka 1991 ikafuata sehemu ya pili, Street Fighter II, ambayo ndiyo iliyoweka kanuni zinazofuatwa hadi leo. Wapiganaji wawili hukabiliana kwenye kioo, kila mmoja akiongozwa na mtu mmoja. Mchezaji alipewa fimbo yenye pande nane na vitufe sita: vitatu vya ngumi, vitatu vya mateke, kuanzia pigo jepesi mpaka pigo zito.

Siri ya mchezo huo ilikuwa katika mapigo ya pekee, ambayo hayapatikani kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ili kurusha mpira wa moto, mchezaji alipaswa kuipeleka fimbo chini, kisha chini kwa mshazari kuelekea adui, kisha mbele, na papo hapo kubonyeza ngumi. Pigo la kuruka juu lilitaka mbele, chini, kisha mshazari. Mwendo ukikatika au ukichelewa, mpiganaji hupiga ngumi ya kawaida tu, na adui aliyekuwa akingojea kosa hilo humwadhibu.

Kumbi za Japani zilizidisha ukali wa mashindano kwa kuziweka mashine mbili zikipeana migongo. Mtu aliingiza sarafu yake ya yen 100 na kupigana na mtu asiyemwona uso, aliyeketi upande wa pili. Aliyeshindwa alisimama akampisha mwingine, na aliyeshinda aliendelea kwa sarafu ile ile. Katika shule hiyo ya sarafu, fimbo ndiyo iliyokuwa kalamu na daftari.

PEDI YAINGIA NYUMBANI

Wakati kumbi zikivuma, kifaa kingine kilikuwa kikijiandalia nafasi majumbani. Mwaka 1982 fundi wa kampuni ya Nintendo aitwaye Gunpei Yokoi aliweka kitufe chenye umbo la msalaba katika mchezo mdogo wa mkononi wa Donkey Kong. Kitufe hicho kilifanya kazi ya fimbo kwa kutumia kidole gumba peke yake, tena kwenye kifaa chembamba kinachoingia mfukoni. Mwaka uliofuata, 1983, msalaba huo ukawekwa kwenye pedi ya mashine ya nyumbani ya Famicom, na tangu hapo hakuna pedi ya michezo iliyofanikiwa bila kuuazima kwa namna moja au nyingine.

Street Fighter II ilipofika kwenye mashine ya Super Nintendo mwaka 1992, watoto wengi wa Marekani na Ulaya waliujua mchezo huo sebuleni kabla ya kuuona ukumbini. Walijifunza kuzungusha gumba la kushoto juu ya msalaba mpaka ngozi ikawa ngumu. Kwao pedi haikuwa kifaa cha kuazima. Ilikuwa ndiyo mchezo wenyewe.

Hivyo basi pakatokea makabila mawili ya wachezaji: waliolelewa ukumbini kwa fimbo, na waliolelewa nyumbani kwa pedi. Walipokutana katika mashindano, kila kabila lilishangaa jinsi wengine walivyoweza kupigana kwa kifaa cha namna ile.

TOFAUTI ILIYOPO MKONONI

Ubishi baina yao si wa mapenzi tu. Una asili yake katika mifupa na misuli. Kwenye pedi, gumba la kushoto hubeba kazi yote ya kutembea, kuruka, kuchutama na kuzuia mapigo. Gumba la kulia nalo huvitawala vitufe vinne vya juu, ilhali vitufe vilivyosalia, vilivyo mabegani mwa pedi, huachiwa vidole vya shahada. Kazi inayowategemea magumba mawili ni nyingi, na vidole vingine hushika tu.

Kwenye sanduku la fimbo, kazi hugawanywa. Mkono wa kushoto huendesha fimbo kwa msaada wa kifundo cha mkono na hata kigasha chote. Mkono wa kulia hulala juu ya vitufe kama mkono wa mpiga chapa juu ya taipureta: shahada, kidole cha kati na cha pete vikiwa kwenye safu mbili za vitufe sita, na kila kidole kina makazi yake. Mchezaji akitaka kubonyeza vitufe viwili au vitatu kwa pamoja, hushusha vidole tu, ambapo kwenye pedi angelazimika kulalisha gumba au kuomba msaada wa begani.

Yafaa kukumbuka kwamba michezo hii huchora picha 60 katika kila sekunde, na mapigo hupimwa kwa hesabu ya picha hizo. Jicho likipepesa mara moja, picha kadhaa zimekwisha kupita. Kwa hiyo kifaa kinachomwezesha mtu kufikisha amri yake mapema kwa picha moja au mbili si anasa mbele ya adui aliyelingana naye. Hapo ndipo ushawishi wa fimbo unapoanzia.

NDANI YA SANDUKU

Mtu akilifungua sanduku la fimbo huenda akastaajabu kuona jinsi lilivyo jepesi kueleweka. Chini ya fimbo zimo swichi ndogo nne: ya juu, ya chini, ya kushoto na ya kulia. Fimbo ikilala upande mmoja hubonyeza swichi moja, nayo hulia kwa mlio mkavu. Ikilala mshazari hubonyeza swichi mbili kwa pamoja. Springi huirudisha fimbo katikati mchezaji anapoilegeza. Chini kabisa kuna kibao chenye tundu, ambacho huizuia fimbo isipite mpaka wake.

Umbo la tundu hilo limezusha mabishano ya miaka mingi. Fimbo za Kijapani, kama zile zinazotengenezwa na kampuni za Sanwa na Seimitsu, kwa kawaida huja na tundu la mraba, na pembe zake nne ndizo mshazari zote nne. Wapo wapendao tundu la pembe nane, kwa sababu kila upande kati ya pande nane huwa na kituo chake ambacho mkono hukihisi. Wakorea, ambao ni hodari mno katika mchezo wa Tekken, wana fimbo zao zinazorudishwa katikati na mpira mzito badala ya springi.

Kichwa cha fimbo nacho ni desturi ya nchi. Cha Kijapani ni tufe mfano wa chungwa dogo. Cha Kimarekani na cha Kikorea ni kirefu, chembamba chini na kinene juu kama rungu. Wapo wanaolifunika tufe kwa kiganja kutoka juu, na wapo wanaoipitisha fimbo kati ya vidole na kulikalisha tufe kiganjani, kama mtu ashikavyo bilauri yenye mguu. Hakuna mkao ulio sheria. Mwalimu mzuri humwacha mwanafunzi ajaribu yote kisha achague ule usiomchosha.

KILICHOTOKEA POMONA

Kama yupo mtu mmoja aliyewafanya maelfu ya wachezaji watamani fimbo, ni Daigo Umehara, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1981 katika mkoa wa Aomori na kukulia katika kumbi za mashine. Mwaka 2004 alikwenda Pomona, jimbo la California, kushiriki mashindano ya Evolution, ambayo yalianza mwaka 1996 kama mkutano mdogo wa wachezaji mjini Sunnyvale, katika jimbo hilo hilo.

Katika mchezo wa Street Fighter III, Daigo alikutana na Mmarekani Justin Wong. Mpiganaji wa Daigo, Ken, alikuwa amebakiwa na uhai kama uzi. Hata angeyazuia mapigo kwa njia ya kawaida angekufa, kwa kuwa pigo kubwa likizuiwa bado hupunguza uhai kidogo, naye hicho kidogo hakuwa nacho. Justin akafungua shambulio kuu la Chun-Li, mateke 15 mfululizo.

Mchezo huo una njia moja ya kuokoka: kusukuma fimbo kumwelekea adui, wakati ule ule pigo linapofika, ili kulikinga bila hasara. Atakayewahi mno ameangamia, na atakayechelewa ameangamia. Daigo alilikinga teke la kwanza, la pili, la tatu, na kuendelea mpaka la mwisho, ambalo alilikinga akiwa hewani. Kisha akajibu kwa mapigo yake na kuimaliza raundi. Ukumbi ulilipuka kwa makelele yanayosikika hadi leo katika kanda za tukio lile.

Haifai kuficha kwamba Daigo hakutwaa ubingwa siku hiyo. Alishindwa katika fainali na Mjapani mwenzake. Tena baada ya hapo aliacha michezo kwa miaka kadhaa, na kwa muda akafanya kazi ya kuwahudumia wazee. Aliporejea, baada ya Street Fighter IV kutoka kwenye kumbi mwaka 2008, alitwaa ubingwa wa Evolution mwaka 2009, akaurudia mwaka 2010. Mikono iliyowanyanyua na kuwalisha wazee ilikuwa haijaisahau fimbo.

MAJUMA YA KUSHINDWA

Anayeitazama kanda ya Pomona hudhani kwamba akinunua sanduku, sehemu ya ustadi ule itakuja pamoja nalo. Siku ya kwanza humwondoa dhana hiyo. Mkono wa kushoto, ambao kwa miaka yote ulitikisa gumba tu, sasa watakiwa kusogea mzima. Mchezaji huikaba fimbo kana kwamba itamtoroka. Huivuta mpaka ukingoni na kuchelewa kuirudisha. Anakusudia mpira wa moto, mpiganaji wake aruka juu. Anakusudia kurudi nyuma, achutama. Mkono wa kulia nao hubonyeza kitufe kilicho jirani na kile autakacho.

Mazoezi ya peke yake huvumilika. Kinachouma ni siku anapokaa na rafiki aliyekuwa akimshinda mara saba katika kumi, naye sasa hushindwa mara kumi. Rafiki hucheka. Wengi huishia hapo. Sanduku huwekwa juu ya kabati, nayo pedi hurudi mezani kimya kimya. Si kwamba walikosa kipawa. Walichokosa ni ruhusa ya kuwa wanafunzi tena, ruhusa ambayo mtu hawezi kupewa na mwingine isipokuwa ajipe mwenyewe.

Wanaofaulu aghalabu hufuata utaratibu usiotofautiana sana na ule wa kambini. Kwanza huchagua mkao mmoja, sanduku mapajani au mezani, na hawaubadili kila siku. Kiti kiwe cha kimo ambacho kigasha hulala sawa, bila bega kupanda. Kisha hujifunza kuishika fimbo kwa wepesi, kwa sababu springi ndiyo yenye kazi ya kuirudisha, si misuli. Mwendo mdogo unatosha: swichi hulia kabla fimbo haijagonga ukingo, na mchezaji anayejua mahali mlio ulipo hahitaji kwenda mbali zaidi.

Baada ya hapo huja hesabu. Mchezaji huingia katika uwanja wa mazoezi wa mchezo, ambako adui husimama tu, naye hurusha mpira wa moto mara kumi akitazama kulia, na mara kumi akitazama kushoto. Upande mmoja daima huwa mgumu zaidi, na kosa kubwa la wengi ni kuukimbia. Akipata kumi kwa kumi pande zote mbili, huongeza pigo la kuruka, kisha mfululizo wa mapigo mawili, kisha matatu. Dakika 20 au 30 za mazoezi makini kila siku huzaa zaidi kuliko saa sita za Jumapili zilizojaa hasira. Wala si busara kuingia mashindanoni katika majuma ya kwanza, isipokuwa kwa mtu aliyekubali kushindwa na kurudi nyumbani akiwa na daftari lililojaa makosa yake.

Halafu hufika siku moja, aghalabu bila taarifa, ambapo mchezaji hugundua kwamba amemaliza pambano zima bila kuufikiria mkono wake. Alikuwa akimfikiria adui. Siku hiyo ndiyo alama ya kuhitimu.

JE, PEDI IMESHINDWA?

Lingekuwa kosa kubwa kudhani kwamba kila anayetaka ushindi lazima aiache pedi. Mwaka 2014 Mfaransa Olivier Hay, ajulikanaye uwanjani kwa jina la Luffy, alikwenda mashindano ya Evolution na pedi ya mashine ya kwanza ya PlayStation, mashine iliyotolewa mwaka 1994. Mbele yake walikuwa mabingwa wa Japani na Marekani waliobeba masanduku ya fimbo ya thamani kubwa. Kijana huyo aliwashinda hadi akautwaa ubingwa wa Ultra Street Fighter IV. Aliijua pedi yake ile ya zamani barabara, naye hakuona haya kuiweka mezani.

Tangu wakati huo mabingwa wengi wametumia pedi, na ile kauli ya kwamba pedi ni ya watoto imekosa wa kuitetea. Street Fighter 6, uliotoka mwaka 2023, umekwenda mbali zaidi: umeweka namna ya pili ya kucheza ambayo hutoa mapigo ya pekee kwa kitufe kimoja na upande mmoja, ili mgeni asizuiwe mlangoni na ugumu wa vidole.

Historia ya kijeshi nayo inatoa mfano wa safari iliyokwenda kinyume. Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa likitumia fimbo maalumu, mfano wa ile ya helikopta, kuielekeza milingoti yenye kamera ambayo katika nyambizi za aina ya Virginia imechukua nafasi ya darubini za zamani. Fimbo hiyo na paneli yake iligharimu yapata dola 38,000, na mabaharia waliilalamikia kuwa nzito na ya kuchosha. Nyambizi iitwayo Colorado, iliyoanza kazi rasmi mwezi Machi 2018, iliwekewa pedi ya kawaida ya mashine ya Xbox, ambayo bei yake ilikuwa chini ya dola 30. Mabaharia vijana, waliokua na pedi mikononi, waliielewa kwa dakika chache. Hapo fimbo ndiyo iliyowekwa kando na pedi ndiyo iliyopandishwa cheo.

Mifano hii miwili haipingani na ule wa Pomona. Yote yasema neno moja: kifaa bora ni kile ambacho mkono wa mtumiaji umekwisha kukikubali, na gharama ya kukibadili lazima ipimwe pamoja na faida yake.

AFYA, FEDHA NA AMANI YA NYUMBA

Ipo sababu moja ya kuhamia fimbo ambayo haihusu ushindi, nayo ni maumivu. Mwaka 1990 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya daktari kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyeumwa vikali na gumba la kulia baada ya kucheza na mashine ya Nintendo ya mwanawe kwa saa tano bila kupumzika. Hali hiyo ilipewa jina la utani kutokana na mashine hiyo. Msuli mdogo ulioachiwa kazi ya mkono mzima hatimaye hulalamika, na kwa mtu ambaye gumba lake limeanza kumsumbua, sanduku linalogawa kazi kwa vidole vyote laweza kuwa nafuu.

Hata hivyo fimbo nayo yaweza kuumiza. Kifundo kilichopinda, kiwiko kinachoning'inia na mkono unaokaba kwa hofu huzaa maumivu yao wenyewe. Kanuni ni ile ile kwa vifaa vyote: kupumzika kila baada ya muda, kunyoosha vidole, na kuacha mara moja maumivu yanapoanza. Maumivu yakidumu siku kadhaa, au vidole vikifa ganzi, pa kwenda ni hospitali wala si duka la vifaa.

Kuhusu fedha, sanduku zuri aghalabu huuzwa kwa zaidi ya dola 100, na mengine hupita 200. Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa mwezi hiyo si bei ya kuchezea. Afadhali kwanza kuazima la rafiki kwa juma zima, au kununua lililotumika. Faida yake ni kwamba sanduku bora hurekebishika: kitufe kikifa huchomolewa na kuwekwa kingine cha dola chache, na swichi au springi hubadilishwa kwa bisibisi tu. Kijana anayejifunza kulifungua sanduku lake, kulisafisha na kulifunga tena hupata somo la ufundi ambalo mchezo wenyewe haukumwahidi.

Jambo la mwisho ni kelele. Pedi hunong'ona, bali fimbo na vitufe vyake hugonga kama mvua ya mawe juu ya bati. Katika nyumba zenye kuta nyembamba, ambako mzazi aliyetoka zamu ya usiku amelala chumba cha pili, sanduku la fimbo laweza kuvunja amani ya jamaa. Watengenezaji wa Kijapani, ambao nao wanaishi katika nyumba zilizobanana, wametoa vitufe na fimbo vya kimya vyenye vifyonza mlio. Visipopatikana, kitambaa kizito chini ya sanduku hupunguza mtetemo, na mapatano ya saa za kucheza humaliza yaliyobaki.

SAFARI ISIYOKWISHA

Kumbi zilizowalea wachezaji wa fimbo zimepungua sana. Kampuni ya Sega, iliyokuwa miongoni mwa wenye kumbi maarufu kabisa Japani, iliuza sehemu kubwa ya biashara hiyo mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, na kuimalizia sehemu iliyobaki mwaka 2022. Mtoto wa leo anayeamua kuishika fimbo haifuati tena sarafu ya ukumbini. Hufuata desturi aliyoisikia kwa waliomtangulia.

Na desturi yenyewe haijasimama. Siku hizi wengi wametoka kwenye fimbo na kuingia kwenye sanduku lisilo na fimbo kabisa, ambalo kila upande una kitufe chake na vidole vyote kumi hufanya kazi. Miongoni mwa waliofanya hivyo yumo Daigo Umehara mwenyewe. Mwaka 2019, akiwa amekaribia miaka 40, mtu ambaye fimbo yake ilikinga mateke 15 ya Pomona alionekana akijifunza kifaa kipya, akikosea makosa ya mwanafunzi mbele ya macho ya wanaomwita bingwa.

Hakuwa na haja ya kufanya hivyo, wala jina lake lisingepungua kama angebaki na kifaa cha ujana wake. Lakini kuruti anayerudi uwanja wa shabaha akiwa na nishani kifuani huenda akajifunza upesi kuliko wenzake. Yeye alikwisha kupita njia hiyo mara moja, naye anajua kwamba baada ya majuma ya kukosa, mkono hatimaye huambiwa, nao husikia.